Mkono wa Kulia wa Maalim Shee

Kila anayeingia karakana yangu hapa Uthiru huuliza swali lile lile. Husimama mlangoni, akatupa macho huku na huku, akautazama mtambo wangu wa chuma wenye gurudumu kubwa kama usukani wa lori, kisha akasema, "Auntie, sasa printa iko wapi?" Nami humwambia ndiyo hiyo aliyoiegemea, na atoe kiwiko, ina grisi. Basi hutoa simu, akajipiga picha nayo, akaaga. Huyo ameshajifunza uchapaji.

Nawaandikia nyinyi hao. Nyinyi mnaojiita wachapaji mitandaoni na hamjawahi kulala na weusi chini ya kucha. Vidole vyangu vimekwisha, havikunjiki asubuhi mpaka nivitie maji ya moto, na daktari amenipiga marufuku patasi. Nimestaafu. Kilichobaki kizima ni mdomo, na nimeamua kuutumia kabla nao haujapigwa marufuku.

Kwanza tulimalize hili la Kiswahili changu, maana naona mmoja wenu ameshaduwaa. Mimi ni Mhindi, ndiyo, jina langu Kusum. Nilizaliwa Mombasa, nyumba yetu ukuta kwa ukuta na ya Waswahili, na Kigujarati nilikisema na mama tu. Wengine wote, pamoja na mbuzi, walikuwa wakisema Kiswahili. Baba yangu alikuwa na matbaa ndogo. Alipoihamishia River Road huku Nairobi, alihama na mitambo, mke, watoto, na Maalim Shee. Nina hakika kama lori lingejaa, ni sisi watoto ambao tungeachwa.

Maalim Shee alikuwa fundi wa mitambo. Mchana alichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na kalenda, na jioni alivua aproni, akavaa kanzu yake nyeupe, akaenda kusomesha watoto Kurani. Sijui alifanya nini, kwa sababu kanzu ile haikuwahi kuwa na doa, na mimi nikipita tu karibu na mkebe wa wino hurudi nyumbani kama fundi wa makaa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na kusifu hakujui. Ukimwonyesha kazi nzuri alisema, "Haya." Ukimwonyesha mbaya alisema, "Haya?" Nimesoma kwa walimu wenye vyeti vya kujaza ukuta, lakini "haya" ile ndiyo iliyonifundisha.

Wino, alikuwa akisema, husikizwa. Nyinyi mnautazama. Mnamwaga wino kwenye kioo, mnapitisha rola mara mbili, mnasema, "Auntie, si iko poa?" Haiko poa! Pitisha rola, nyamaza, tega sikio. Ikinata na kupiga kelele, wino ni mwingi, na mikato yako myembamba yote itazibwa. Unataka sauti ndogo tu, kama mafuta ya vitumbua yanapoanza kupata moto. Lakini mtasikiaje na hizo spika mlizojitia masikioni? Nimewahi kumwona kijana wa kiume, mzima, ndevu zimemjaa, anapiga wino huku anacheza ngoma. Chapa yake ilitoka kama lami iliyomwagika Waiyaki Way.

Sasa nifike kwenye mkono.

Maalim alikuwa akila chakula cha mchana nyuma ya matbaa, kwenye mkeka, amekunja miguu, sahani ya wali mbele yake. Alikula polepole, kwa vidole vya mkono wa kulia, na hakuangusha punje. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule juzijuzi, nina kipande cha ubao wa mjakaranda na patasi niliyoinyakua kwa baba, na nilidhani mimi ni kitu. Nikamchora Maalim kwenye ubao vile vile nilivyomwona, mkono wa kulia ukienda kinywani. Nikachonga. Nikapaka wino, nikalaza karatasi, nikasugua kwa mgongo wa kijiko, nikaibandua.

Maalim alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto.

Kila kilicho kulia kwenye ubao, karatasi hukitupa kushoto. Mtu yeyote wa River Road anayechonga mihuri anajua. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipanga herufi za risiti kinyume tangu utotoni, mikono yangu ilijua bila kuniuliza, lakini nilipoona mtu badala ya herufi nikajisahau kabisa. Mafundi wote wakaja kuangalia. Vicheko! Mmoja, mpumbavu mmoja aliyekuwa akikata karatasi, akapaza sauti, "Maalim, kumbe kule chuoni mnakataza watoto, wewe huku unajilia kwa mkono wowote!" Baba yangu alitoka ofisini, akaona, akarudi ndani. Kwetu Wahindi pia, mkono wa kushoto una kazi yake na si hiyo. Aliona haya kwa niaba yangu.

Maalim aliishika ile karatasi, bado mbichi, akaitazama kwa muda. Kisha akasema taratibu, "Kusum, mwanangu. Wanilisha kwa shoto?"

Nililia. Ndiyo, nililia, mnacheka nini? Nyinyi huwa mnalia betri ikiisha.

Kesho yake alikuja na kioo kidogo cha mviringo, cha kunyolea, chenye fremu ya bati. Akakiweka juu ya meza yangu. "Kila umalizapo kuchora, kabla hujatia patasi, muulize huyu." Nikamuuliza atanyolea nini. Akazishika ndevu zake, akaniambia, "Waziona hizi? Kioo chanihusu nini mimi?" Halafu akaketi, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akiniomba kitu. "Picha yenyewe, mwanangu, nina mashaka nayo mbele ya Mola wangu. Lakini ushanichora. Basi usinitoe tena mbele za watu nala kwa shoto. Nina wanafunzi, nina binti." Nikamwahidi, haki ya Mungu. Tukapeana mikono, ya kulia.

Baadaye baba alinipeleka India nikasomee uchapaji. Kule waliniita Mwafrika. Niliporudi huku mkaniita Mhindi. Nilichoka kueleza, nikaenda kufanya kazi. Nilichokileta kutoka huko ni kulowesha karatasi, kwa sababu mwalimu wangu mmoja, mzee mwenye miwani minene, alinifanya nisifanye kingine muhula mzima. Karatasi inaloweshwa, inabanwa, inasubiriwa. Ikiwa tayari unaiweka shavuni: iwe baridi, lakini isikuachie maji. Nyinyi nikiwaambia msubiri karatasi mnaniuliza kama hakuna njia ya haraka. Ipo. Nendeni mkauze mitumba.

Nilipotengemaa nikamchonga Maalim upya, kwenye ubao mkubwa wa mjakaranda, mzima, hauna fundo. Safari hii nilimchora akila kwa kushoto ili chapa imlishe kwa kulia, na kioo kile nilikiuliza mpaka kikachoka. Mkeka, sahani, vidole, mshipa ule wa mkononi uliosimama kwa kubeba magurudumu ya mitambo maisha yake yote. Chapa ile ndiyo iliyonipa jina. Watu waliotoka mbali waliipigania. Kazi nyingine zote nilizofanya, na nimefanya nyingi, mabamba ya zinki yaliyonichoma kwa asidi, mandhari, masoko, miti, wanawake na maua yao, yote watu huyatazama kwa adabu kisha huuliza, "Na ile ya mzee anayekula?"

Hapa lazima mnisikilize, maana hapa ndipo mnaponikera kuliko pote. Leo mtu ananiletea kitu kilichotoka kwenye kompyuta, chini amekiandikia namba kwa kalamu ya risasi, ananiambia ni nakala chache maalumu. Uchache wake uko wapi? Ukibonyeza tena, si inatoka nyingine? Kwetu sisi, ukishachapa idadi uliyoahidi, unachukua patasi na unaukata ubao. Mstari mmoja, ukingo hadi ukingo. Unachapa mara moja ya mwisho ili mstari uonekane, na ubao umekufa. Hata uwe na njaa, hata rais aje mlangoni, haurudi. Anayenunua kwangu ananunua ule mstari.

Siku ya kuukata ubao ule nilimwita Maalim. Alikuwa ameshaacha kazi, macho yamepungua, lakini alipanda gari akaja. Nikashika patasi. Akaniuliza, "Wakata wapi?"

"Popote, Maalim. Hapa katikati."

"Katikati hapo si ni mkononi mwangu?"

Nikamwambia ni ubao tu. Akaninyang'anya patasi. Akainama karibu pua imguse yule Maalim wa mti, akaanza kukata mwenyewe, chini kabisa, kwenye mkeka, kutoka ukingo huu mpaka ule. Hakugusa sahani. Hakugusa goti. Alipomaliza alipuliza vumbi, akanirudishia patasi. "Mkeka waweza kukatika," akasema. "Mkono bado nautaka."

Nilimpa chapa moja, na ndiyo iliyoko mpaka leo nyumbani kwa binti yake, Rukia, kule mtaa wa Pangani. Mimi sikujiwekea hata moja, zote zilikwenda. Ubao nikautundika hapa karakanani, juu ya meza ya wino. Ubao uliokunywa wino miaka mingi hung'aa mweusi, na mikato yake hubaki myeupe, hata mtu asiyejua huona ni kama chapa yenyewe. Ila kwenye ubao mzee anakula kwa kushoto. Kwangu mimi hilo halikuwa neno. Ubao ni chombo cha kazi, kama sufuria. Picha ni ile iliyoko karatasini.

Maalim alifariki. Mungu amrehemu, na amlishe.

Sasa, huko Spring Valley kuna nyumba ya sanaa. Ni nyumba kubwa ya zamani, wameipaka rangi nyeupe kila mahali, mpaka unaogopa kukohoa. Mwenyewe ni kijana mmoja, Lenny, anayevaa viatu vya bei bila soksi. Nani aliwaambia soksi ni dhambi? Alikuja hapa mwaka jana, akaruka dimbwi mlangoni kama paka, akaketi kwenye ncha ya kiti.

"Mama, tunataka kufanya maonyesho ya kazi zako zote. Tunasherehekea safari yako."

"Safari gani? Mimi nimekaa hapa."

Akacheka, akadhani natania. Kisha akasimama mbele ya ubao wa Maalim. "Na hii ndio ile yenyewe! Mama, hii tunaiweka kwa ukuta ya mbele, kubwa kabisa, na tuchape zingine za watu kununua."

Nikamwonyesha mstari. Nikamweleza, kwa upole, nawaapia, kwa upole. Akausogelea, akaupitishia kidole. "Lakini hii laini ni ndogo tu. Si tunaweza kuijaza?"

"Kajaze mashimo ya barabara," nikamwambia. "Huu umekufa."

Akasema sawa, ameelewa. Neno hilo mkilisema nyinyi, huwa naficha pochi.

Pale karakanani alikuwepo Mutheu. Huyu ni mwanafunzi wangu, msichana wa Machakos, kwao wanachonga vinyago tangu babu zao, na nitasema ukweli ingawa ananiudhi: mkono wake ni mwepesi kuliko wangu ulivyokuwa. Alikuwa ameshatimiza miaka mingi kwangu, kila siku anapiga wino kwenye meza ile, chini ya ubao ule. Lenny alimpa kazi ya kutayarisha maonyesho. Nilifurahi. Nilimwambia ajihadhari na watu wasiovaa soksi, basi.

Siku ya ufunguzi nilimwalika Rukia mimi mwenyewe. Ana duka la madera na mitandio mjini, huwa halifungi mapema kwa ajili ya mtu, lakini siku hiyo alifunga. Alivaa baibui jipya. Njiani aliniambia, "Da Kusum, nimewaambia wateja wangu wote baba yuko Spring Valley." Alikuwa na furaha ya kitoto. Tulipoingia, watu wamejaa, wamevaa nyeusi zote kama wamefiwa, kila mmoja ana glasi mkononi na hakuna anayetazama ukuta.

Kwenye ukuta wa mbele kulikuwa na Maalim Shee. Mkubwa kama mlango. Mkeka wake mzima, hauna mstari. Na mkono uliokwenda kinywani ulikuwa wa kushoto.

Nilijua papo hapo. Hakuna aliyechapa kitu. Mtu aliupiga ubao wangu picha kwa simu, akaitia kwenye kompyuta, akaufuta mstari aliokata Maalim kwa mkono wake, akakuza. Wala hakujua kwamba inatakiwa kugeuzwa! Nilitazama pembeni nikamwona Mutheu amesimama na bahasha ya bei za picha, ananitabasamia. Ananitabasamia! Alikuwa akingoja nimsifu.

Mbele yetu alikuwa mwanamke mwenye hereni kubwa kama bangili. Alimwambia mwenzake, "Ona vile ametumia mkono wa kushoto. Ni kama huyu mzee anakataa sheria zote. Kuna uasi hapo."

Uasi! Maalim Shee, ambaye alikuwa akiomba radhi akimpita paka mlangoni! Nilitaka kumjibu, na nilikuwa na maneno, lakini Rukia alikuwa amenishika mkono.

"Da Kusum. Yule ni baba?"

"Hapana," nikasema. "Wamekosea. Wameharibu."

Hakunisikia. Alikuwa akiutazama ukuta. "Mwishoni mwake alipopata kiharusi, mkono wa kulia ulikufa. Ulikuwa umelala tu hapa, kama si wake. Daktari akasema atumie wa kushoto. Hata imamu alikuja nyumbani akamwambia, maalim, una udhuru, Mungu anajua. Hakutaka. Alikubali kulishwa na mimi, Da Kusum. Mwanamume yule. Nikimtia tonge kinywani alikuwa akifumba macho kwa haya. Lakini shoto hakuuinua mpaka anakufa."

Mimi hilo sikulijua. Nilikuwa nikienda kumwona, nakuta ameshakula, amefutwa ndevu, ameegemezwa mto. Hakuniambia hata mmoja wao. Nilisimama pale katikati ya watu wale na glasi zao, kwa aibu na hasira. Ahadi moja tu aliniomba mzee yule.

Lenny alikuwa ameanza hotuba. Safari, urithi, kizazi kipya, hata sikumbuki vizuri. Rukia akaniuliza, polepole, kama mtu anayeomba chumvi, "Unayo ile patasi?"

Ninayo kila siku. Wengine hubeba rangi ya mdomo. Nikaitoa kwenye pochi nikampa, wala sikumwuliza ya nini.

Akapita katikati ya watu. Walimpisha, baibui hupishwa. Akafika ukutani, Lenny bado anazungumza, akainyanyua patasi akaitia kwenye ile karatasi yao nene, akavuta. Hakuanzia kwenye mkeka. Alianzia juu kushoto, akashuka kwa nguvu, akaupasua mkono ule katikati, kiganja, vidole na tonge, mpaka ukingo wa pili. Sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Huu si mkono wa baba yangu," akasema.

Halafu, sikilizeni, yule mwenye hereni akapiga makofi. Alidhani ni sehemu ya maonyesho! Na wengine wakamfuata, makofi chumba kizima, glasi zimebanwa kwapani. Lenny alikuwa amekwisha rangi, lakini aliposikia makofi rangi ikamrudi. Akaninong'oneza, "Mama, msiitoe. Sasa hii imekuwa kitu moja ya kipekee kabisa." Naapa alisema hivyo. Nikamwambia kama anataka kitu cha kipekee, avae soksi.

Rukia alikuwa ameshainama. Aliibandua ile picha kuanzia chini, akaikunja kama mkeka, akaitia kwapani. Alinirudishia patasi, mpini mbele, kama baba yake. Tukatoka.

Jumatatu Mutheu alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, nilikuwa na matusi ya Kigujarati, ya Kimombasa na yale niliyoyaokota River Road kwa madereva. Alikuwa amevimba macho. Akasema, "Auntie, mimi ndio nilipiga hiyo ubao picha, nilidhani nimewasaidia. Walisema umekubali. Na hiyo mkono, haki sikujua. Mimi picha yenyewe sijawahi kuiona. Hiyo ubao ndio nimeiona kila siku. Kwangu mzee amekuwa akikula hivyo tangu nikuje hapa."

Nikayaweka matusi yangu kando. Kwa sababu ni kweli. Alipiga wino mbele ya Maalim miaka yote ile, na hakuna aliyemwonyesha Maalim mwenyewe. Lakini msidhani nilimbembeleza. Nilimwuliza mstari je, mstari nao alidhani ni uchafu? Akainamisha kichwa. Nikamwambia aende Pangani, abishe mlango wa Rukia, aseme yeye ni nani na amefanya nini, na akifukuzwa, arudi kesho yake abishe tena.

Hakufukuzwa. Rukia aliniambia baadaye kwamba alimkalisha chini ya picha ya baba yake, akampakulia wali, akamwambia ale. Msichana alikula machozi yanamtoka, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Aliporudi aliniomba kile kioo cha Maalim, ati ajifunze nacho. Thubutu! Nikamwambia vioo viko tele River Road, akanunue chake. Akaenda. Mimi nilitarajia kioo cha mfukoni, akarudi na kioo kikubwa, kimefungwa kwa gunia, amekibeba begani kutoka steji ya matatu, mtu mzima na akili zake. Nikamuuliza anataka kufungua kinyozi? Akachukua misumari, akakipigilia juu ya sinki, ukuta unaotazamana na ule wenye ubao. Sikuelewa anafanya nini, na mimi ndiye mwalimu.

Kwa hivyo mkija, na najua mtakuja, hamna haya, msianze na printa iko wapi. Nendeni kwenye sinki, nyote, mnawe mikono vizuri kwa sabuni. Halafu muinue macho. Mtamwona Maalim Shee kiooni, nyuma yenu, amekunja miguu kwenye mkeka wake uliokatika, anakula kwa mkono wa kulia. Msimwamkie, anakula. Kaushieni mikono kwenye suruali zenu, taulo ni langu.